Unaponunua hisa ya dhahabu ya mtoni, anza na saa za pua

Mwenye kuuza hisa huja na vitu vitatu: kichupa cha dhahabu, picha ya mashine ya kunyonya changarawe ikielea mtoni, na asilimia. Kichupa ndicho anachokutia mkononi kwanza, na si ajabu, maana dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji, na gramu 30 ndani ya kichupa kidogo humshtua yeyote ambaye hajawahi kuzishika. Lakini katika hivyo vitatu hakuna kinachokuambia utapata nini. Swali lenyewe ni hili: kwa msimu mzima, pua ya mpira wa kunyonyea itakuwa imegusa changarawe kwa saa ngapi? Tuliozoea kazi hii tunaanzia hapo, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo hapo.

Mashine yenyewe haina maajabu. Inakaa juu ya maboya, na juu ya maboya kuna injini ya petroli na pampu ya maji. Pampu hainyonyi changarawe; feni yake ingesagika siku ya kwanza. Inavuta maji matupu kupitia chujio, inayasukuma kwa shinikizo hadi kwenye bomba la venturi, na maji hayo yakipita kwa kasi yanazaa mvuto unaoinua mchanga na mawe kutoka chini kupitia mpira mnene. Mzigo unamwagika kwenye kisanduku cha kutuliza maji, unateremka kwenye mwalo, yaani mfereji wa kuoshea dhahabu, wenye mbavu za chuma na zulia chini yake. Dhahabu inabaki, mengine yanarudi mtoni nyuma ya mashine kama marudio. Mzamiaji yuko chini ameshika pua, anapumua hewa ya kompresa inayozungushwa na injini hiyo hiyo. Ukubwa hutajwa kwa kipenyo cha mpira: inchi 2 ni ya kupimia sampuli, inchi 4 inafaa watu wawili, inchi 6 na 8 zinataka kikosi na mafuta mengi.

Chukua mashine ya inchi 4. Muuzaji atakupigia hesabu hivi: msimu siku 120, siku saa 8, kitabu cha mashine kinasema mita za ujazo 8 kwa saa, changarawe ina gramu 0.2 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha, unapata mita 7,680 na gramu 1,536. Hisa moja kati ya kumi ni gramu 153 na zaidi. Hajakosea kuzidisha. Amekosea namba alizoziingiza, isipokuwa hiyo 0.2, ambayo kwa sasa tuiache ilivyo.

Sasa weka namba za mtoni. Katika siku 120 toa wiki mbili za kusafirisha na kuunganisha, wiki moja ya kufungasha, siku ambazo maji yamepanda au yamechafuka, siku za kufuata kipuri, siku za kupumzika. Zikibaki 70, shukuru. Katika hizo 70, saa 8 ni za kuwa kazini. Pua inakuwa kwenye changarawe saa 4 hadi 5, tuseme 4.5, kwa sababu muda unaobaki ni wa kuviringisha mawe, kuzibua, kujaza mafuta, kusogeza kamba na kupokezana mzamiaji. Jumla saa 315. Na zile mita 8 kwa saa ni za mchanga uliolegea, unaolishwa puani bila kukatika. Kwenye changarawe iliyoshikana, yenye mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu, mita 1 ya ujazo kwa saa ni kazi nzuri. Zidisha tena: mita 315, gramu 63.

Gramu 63 hizo bado hazijagawanywa. Mwenye kitalu, yaani mwenye haki ya kuchimba sehemu hiyo ya mto, akichukua mrabaha wa asilimia 10 kabla ya gharama yoyote, zinabaki 56.7. Petroli, usafiri, chakula na vipuri vikila thamani ya gramu 25, zinabaki 31.7. Hisa moja kati ya kumi inapata kama gramu 3.2 za dhahabu ghafi, na ghafi si safi: dhahabu ya mtoni kwa kawaida huwa na usafi wa kati ya 700 na 950 kwa elfu. Kwa 850, hisa yako ni gramu 2.7. Mto ni ule ule, changarawe ni ile ile, 0.2 ni ile ile. Kilichotoa sehemu kubwa ya gramu 150 ni saa za pua, na mita zinazopita puani kwa kila saa.

Kuna njia rahisi ya kumkagua muuzaji bila kugombana naye. Omba daftari la mafuta la msimu uliopita, au risiti. Injini ya nguvu farasi 6.5 ikibeba mzigo kamili hunywa karibu lita 1.7 kwa saa. Gawanya lita zote kwa 1.7 unapata makadirio ya saa za injini, na saa za pua haziwezi kuzidi hapo, kwani injini huendelea kunguruma hata wakati wa kuzibua. Anayedai alifanya kazi siku 120 za saa 8 alichoma lita 1,632, ambazo ni zaidi ya tani moja ya petroli. Muulize kwa upole ilifikaje pale. Kama njia ni ya mitumbwi, au watu wanabeba kilo 25 mgongoni, jibu litajitokeza lenyewe usoni mwake.

Kinachokula saa kuliko vyote ni mawe. Jiwe lisilopita puani lazima liondolewe kwa mkono, na lisilobebeka kwa mkono linataka mtaimbo, mnyororo na winchi. Angalia ukubwa wa mawe yaliyojipanga ukingoni kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Ukiona mengi yanazidi upana wa mabega, mashine ya inchi 4 hapo itakuwa ya kuchezea, na winchi ya mkono si ya hiari.

Kinachofuata ni kuziba. Mlio wa kokoto ndani ya mpira unakatika ghafla. Mwalo unaendelea kutiririka, ila maji ni meupe, hayana mchanga. Chini, pua imeacha kuvuta na mzamiaji anaivuta kamba kutoa ishara. Mtu wa juu anaukagua mpira kwa kiganja kuanzia chini kwenda juu, na mara nyingi analikuta jiwe pale pale mpira unapoingia kwenye bomba la venturi: jiwe bapa, umbo la ulimi, limekaa mshazari, na nyuma yake kokoto zimejipanga zikabana kama zilizotiwa saruji. Anagonga kwa nyundo ya mpira. Lisipotoka, anapitisha fimbo ndefu ya chuma kutokea upande wa mwalo na kulisukuma lirudi lilikotoka. Dakika 10 kila mara, mara sita kwa siku, saa moja imekwenda. Kinga ni mbili: pete ya pua iwe nyembamba kuliko mpira kwa kama nusu inchi, ili kinachopita puani kipite kote, na mzamiaji awe na tabia ya kutupa mawe bapa pembeni kwa mkono badala ya kuyalisha puani. Mzamiaji mwenye pupa huziba mara tatu ya mwenzake, na asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi yako haijui tofauti yao.

Vipuri visivyokuwepo pale ni saa zilizopotea kwa siku nzima nzima. Sili ya pampu ndiyo hufa kwanza, kwa sababu mtu amewasha injini kabla ya kuijaza pampu maji. Ikizunguka kavu hata kwa muda mfupi, inaungua. Iwepo ya akiba, tena mbili. Mkanda wa kompresa, plagi, kamba ya kuwashia, chujio la hewa, klipu za mipira, gasketi, oili ya kutosha kubadilisha kwa ratiba: hivyo havigharimu kitu vikilinganishwa na siku tatu za kwenda na kurudi. Mahali pa mbali sana, injini nzima ya akiba ni akili kuliko anasa. Muulize muuzaji kisanduku cha vipuri kina nini. Akianza kukitaja kichwani bila kusita, huyo amefanya kazi.

Turudi kwenye ile 0.2, maana nayo ina mitego yake. Dhahabu nzito haikai sawasawa kwenye changarawe. Hushuka hadi mwambani, ikaingia kwenye nyufa, ikatulia nyuma ya mawe makubwa na upande wa ndani wa kona ya mto, mahali maji yanapopunguza kasi. Kwa hiyo tabaka la mwisho juu ya mwamba laweza kuwa na gramu 3 kwa mita ya ujazo, na lote lililo juu yake likawa karibu tupu. Muuzaji anakupa hiyo 3, wala hadanganyi. Ila kama tabaka hilo lina unene wa sentimita 10 na changarawe yote ina kina cha mita 1.5, wastani wa mzigo utakaouinua ni gramu 0.2. Swali la kuuliza daima ni: namba hii ni ya kuanzia juu hadi mwambani, au ni ya chini peke yake?

Kupima sampuli kwa haki kunachukua muda kuliko watu wanavyodhani. Changarawe haisimami wima ndani ya maji. Inaporomoka, shimo linakuwa na umbo la faneli. Ili ufungue duara la mita 1 tu la mwamba chini ya mita 1.5 za changarawe iliyoshikana vizuri, inayosimama kwa nyuzi 45, unahamisha kama mita za ujazo 8. Ikiwa imelegea, na mteremko wake ni mita 1.5 kwenda nje kwa kila mita 1 ya kwenda chini, inakaribia 14. Kwa inchi 4 hizo ni siku mbili hadi tatu za shimo moja. Kwa hiyo anayekuambia alipima mashimo kumi kwa wiki hadi mwambani, ama changarawe yake ni nyembamba sana, ama hakufika mwambani. Kuna na la tatu, kwamba hakupima.

Ukipewa nafasi ya kupima mwenyewe, chagua mahali wewe. Usikubali shimo lililo tayari. Panga mashimo kukatiza mto, toka ukingo hadi ukingo, badala ya kufuata mahali panapopendeza. Andika kina, ukubwa wa shimo, saa za pua, na uzito wa dhahabu ya kila shimo peke yake, kwa mizani inayosoma gramu 0.01, ukiikagua mizani kwa jiwe la uzito unaojulikana. Punje kubwa zipimwe mbali na unga. Punje moja ya gramu 0.5 kwenye shimo moja hufanya kitalu kizima kionekane tajiri, na huenda hutaiona nyingine kama hiyo msimu wote. Matokeo ya mashimo matupu yaingie kwenye wastani sawa na mengine. Hapo ndipo kalamu za wauzaji hukaukiwa wino.

Halafu kuna kutia chumvi, na hapa si maneno peke yake yanayotiwa chumvi. Dhahabu kidogo hudondoshwa kwenye karai la kuoshea sampuli kutoka chini ya kucha, kwenye majivu ya sigara, kwenye chupa ya maji ya kusafishia. Tumia karai lako, maji ya mtoni, na mikono yako. Dalili zake zipo: dhahabu iko kwenye mchanga laini wa juu lakini haipo mwambani; haiambatani na mchanga mweusi wa chuma, ambao ni mzito na kwa kawaida hukusanyika pamoja nayo; au chembe zina kingo kali za tupa badala ya kuwa zimepondwapondwa na mto. Watu wakubwa wameshanaswa kwa hili. Kampuni ya Bre-X ya Kanada iliporomoka mwaka 1997 baada ya kubainika kuwa sampuli zake za Busang, Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu, na kilichochangia kuwaumbua ni chembe za mviringo zenye sura ya dhahabu ya mtoni ndani ya sampuli za mwamba mgumu.

Chunguza pia kama mto ulishafanyiwa kazi. Changarawe ambayo haijaguswa imeshikana. Pua inalazimika kuibomoa, na mawe yake yamelaliana yote yakielekea upande mmoja. Iliyoguswa imelegea, inaingia puani kama sukari, na hiyo inafurahisha sana siku ya kwanza. Marundo ya mawe makubwa yaliyopangwa chini ya maji, mwamba uliosafishwa nyufa, kopo la soda chini ya jiwe karibu na mwamba: mtu alishafika. Risasi za bunduki na vipande vya timazi vya wavuvi ndani ya ufa, kwa upande mwingine, ni habari njema. Risasi ni nzito, hukaa inakokaa dhahabu, na kuikuta humaanisha ufa huo haujasafishwa tangu mafuriko yaliyoileta.

Kuhusu karatasi. Kitalu si ardhi, ni haki ya madini yaliyomo. Ruhusa ya kuweka mashine ndani ya mto ni jambo jingine, njia ya kupita kwenye ardhi ya wengine ni jambo jingine tena, na mara nyingi kuna kipindi ambacho mto hufungwa ili samaki watage. Kila moja ina ofisi yake na tarehe yake ya kuisha. Ulizia zote, na usome nyaraka kwenye ofisi yenyewe badala ya nakala uliyopewa. Mfano wa California unafundisha: mwaka 2009 jimbo lilisimamisha mashine za kunyonya mtoni, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikakubali kwamba jimbo lilikuwa na mamlaka hayo hata kwenye ardhi ya serikali ya shirikisho. Vitalu vilibaki halali, ada za mwaka zikaendelea kudaiwa, na mashine zikakaa ghalani. Mwenye hisa alikuwa na asilimia zake kamili, na saa za pua sifuri.

Marekani pia inaonyesha vizuri hatari ya majina mengi kwenye kitalu kimoja. Chini ya sheria ya madini ya 1872, mtu mmoja anaweza kuweka kitalu cha dhahabu ya mchanga cha hadi ekari 20, na watu wanane pamoja hadi ekari 160. Ndiyo maana kuna vitalu vya ekari 160 vyenye majina manane, ambayo mengine yameazimwa tu kwa marafiki, na majina ya kuazima yanaweza kukiangusha kitalu. Ada ya mwaka isipolipwa hadi 1 Septemba, kitalu kinafutika, na haijalishi ni nani kati ya wabia aliyesahau. Mbia asiyechangia sehemu yake anaweza kupewa notisi ya maandishi, au ya gazetini kila wiki kwa siku 90, na akiendelea kunyamaza hisa yake inahamia kwa waliolipa. Nchi nyingine zina taratibu zao, lakini kila mahali pa kuuliza ni pale pale: nani analipa ada, kutoka mfuko upi, na stakabadhi inafika kwa nani. Sisi tungetaka nakala ya stakabadhi hiyo kila mwaka, siku 30 kabla ya mwisho, imeandikwa hivyo kwenye mkataba.

Neno "hisa" lenyewe lichimbuliwe. Kuna hisa ya kitalu, ambapo jina lako linaandikishwa. Kuna hisa ya kampuni inayomiliki kitalu, ambapo jina lako liko kwenye kampuni, na kampuni inaweza kuwa na madeni. Kuna hisa ya mavuno ya msimu mmoja, ambayo ikiisha huna kitu. Na kuna haki ya kwenda kuchimba mwenyewe siku kadhaa kwa mwaka, ambayo huuzwa kwa jina hilo hilo la hisa. Bei zake haziwezi kulingana. Kama ni hisa isiyogawanywa ya kitalu, kumbuka kila mbia ana haki juu ya mto mzima. Mwenzako anaweza kuleta mashine ya inchi 8 kwenye kona uliyoipima kwa jasho lako, na kama mkataba haukutaja nani anachimba wapi na nani anaamua mwalo uhamie wapi, huna pa kumshika.

Kwenye mgawo, maneno mawili hubeba kila kitu: kabla ya gharama au baada ya gharama. Asilimia 5 kabla ya gharama mara nyingi ni bora kuliko 15 baada ya gharama, kwa sababu orodha ya gharama inaandikwa na mwingine. Ukikubali baada ya gharama, taja gharama zinazoruhusiwa kwa majina, weka kikomo cha kila moja, na usikubali "kukodi mashine" iwe gharama kama mashine ni ya mwenye kitalu huyo huyo. Hapo anachota mara mbili. Uzito utajwe kwa gramu. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, ya vyakula ni 28.35, na mizani ya jikoni haimwambii mtu inasoma ipi.

Mahali dhahabu inapopotea bila mwizi ni mwaloni. Mteremko wa sentimita 6 hadi 8 kwa kila mita ya urefu ni pa kuanzia. Mbavu zikijaa mchanga ukagandamana, mteremko ni mdogo au maji hayatoshi, na dhahabu inateleza juu yake. Mbavu zikiwa zimebaki wazi kabisa, maji ni makali mno na yanafagia hata kilicho kizuri. Kinachotakiwa ni mchanga unaochezacheza nyuma ya kila ubavu. Kila siku mtu aoshe karai moja au mawili ya marudio; ukikuta dhahabu humo, simamisha, rekebisha. Hii ni kazi ya dakika 15 ambayo wengi huiacha kwa kisingizio cha kuokoa muda.

Mahali inapopotea kwa mwizi ni kwenye kusafisha mwalo na puani. Punje kubwa huonekana chini ya maji kabla hazijanyonywa, na glavu ina vidole vitano. Hakuna mkataba unaoizuia kabisa hiyo. Unaipunguza kwa kuwalipa wazamiaji kwa asilimia ya mavuno badala ya ujira wa siku. Kusafisha mwalo ndiko kunakodhibitika: kufanywe siku zilizopangwa, wawepo watu wawili wasio wa upande mmoja, zulia lioshwe ndani ya ndoo mpaka maji yatoke masafi, mchanga mweusi ufungwe kwenye ndoo yenye kufuli mbili, uzito uandikwe papo hapo na wote wawili watie sahihi. Mchanga mweusi unaobaki baada ya kuosha kwenye karai bado una unga wa dhahabu, na nao ni mali ya wabia wote. Mikataba mingi imeusahau, na hausahauliki kwa bahati mbaya.

Mito iliyochimbwa zamani huwa na zebaki chini, nayo hunyonywa pamoja na dhahabu, ambayo hutoka imepakwa rangi ya fedha. Kigawanywacho hapo kwa uzito si dhahabu: donge lililokamuliwa huweza kuwa nusu zebaki. Mgawo ufanyike baada ya zebaki kutolewa, na itolewe kwenye chungu kilichofungwa chenye bomba la kupozea mvuke, nje, mbali na watu. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za sentigredi na mvuke wake hauna rangi wala harufu ya kukuonya. Kuichoma kwenye kikaango ni kujiua polepole pamoja na waliokaa karibu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unaotumika tangu 2017, umezifanya nchi nyingi kubana matumizi yake, kwa hiyo angalia pia sheria inasemaje kuhusu kuihifadhi na kuisafirisha.

Kuna saa ambazo hazipaswi kuokolewa, nazo ni za mzamiaji. Mwenye hisa aliye mbali ana haki ya kujua mambo haya, kwa sababu ajali husimamisha kazi yote na mara nyingine humfikia yeye kisheria. Bomba la kompresa la kuvutia hewa liwe juu na upande upepo unakotoka, mbali na ekzosi, maana moshi wa injini una kaboni monoksaidi, na mtu aliye chini huzirai bila kujua kinachomtokea. Mkanda wa uzito uwe wa kufunguka kwa mkono mmoja. Mzamiaji asifungwe kamba kwenye mashine. Changarawe ichimbwe kutoka juu kwenda chini. Anayechimba pangoni chini ya jiwe kubwa akifuata ufa wenye dhahabu ndiye jiwe humshukia. Na juu kuna mtu muda wote, kazi yake ikiwa ni kutazama mapovu. Akiitwa kwenda kupika, injini inazimwa.

Jambo la mwisho la kuandikwa ni mwisho wa msimu. Mashine inatolewa majini kabla ya tarehe gani, inalala wapi, na nani anaibeba? Maboya yakiachwa mtoni, mafuriko ya kwanza yanayachukua, na injini iliyofunikwa kwa turubai porini mara nyingi haipo mtu anaporudi. Kama mashine ni ya ubia, iandikwe kwa namba ya injini. Kama ukitaka kutoka, mkataba useme wabia wana siku ngapi za kuinunua hisa yako kabla hujaiuza nje, na bei itapimwa kwa nini. Sisi tunapendekeza ipimwe kwa mavuno ya misimu miwili iliyopita yaliyo kwenye daftari la mwalo, pamoja na daftari la mafuta likiwa limefunguliwa pembeni yake, ili saa na gramu zisomwe pamoja.